Kabla hujasema maiki imekuwa kiziwi

"Fundi, maiki zimekufa." Wiki haiishi hapa dukani Mombasa bila kulisikia hilo, mara kutoka kwa mwandishi wa redio, mara kwa kijana anayerekodi mawaidha. Tukikiwasha kinasa sauti, mara nyingi maiki ni nzima. Kuna mtu aliyeingia kwenye menyu akashusha gaini (kiwango cha kukuza sauti ya maiki), basi. (Watoto wanatajwa sana, sisi hatuulizi.)

Kwa hiyo jipimie nyumbani kwanza. Zima kile kipengele cha kurekebisha sauti chenyewe, maana kikiwaka hupandisha sauti hafifu na kushusha kubwa, na maiki kiziwi huonekana sawa na nzima. Zima pia kichujio cha upepo. Weka gaini kwenye namba utakayoiandika mahali. Kisha tega spika ndogo mita moja mbele ya kinasa, katikati kabisa, icheze ile sauti ya "shhh" ya redio isiyoshika stesheni. Rekodi nusu dakika. Bila kuigusa spika, weka mahali palepale kinasa cha rafiki, cha aina ileile na gaini ileile, urekodi tena ulinganishe.

Umbali usiuchezee. Mahali pa wazi, kutoka mita 1 hadi 2 unapoteza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6, na hata sentimita 10 tu zinakula karibu desibeli nzima.

Viwango utavisoma kwenye Audacity, programu ya bure. Maiki ya kushoto na ya kulia zikipishana desibeli 1, lala usingizi. Zikifika 3, kipindue kinasa juu chini urekodi tena: udhaifu ukibaki kwenye maiki ileile, maiki ina ugonjwa, ukihamia ya pili, ni chumba chako kinakudanganya.

Mchirizo wa "sss" nyuma ya sauti ni kesi nyingine. Maiki inaweza kunasa kwa nguvu na bado ikawa na kelele zake yenyewe. Huo upime usiku, feni na friji zikiwa zimezimwa.

Ikithibitika ni kiziwi, hapa pwani tunashuku kwanza unyevu, chumvi na vumbi. Tafadhali usipanguse kwa spiriti wala usipulize kwa kompresa. Utando wa ndani ni mwembamba mno, na wengi wanaotuletea kazi hii walianza wao kuiharibu.

Sisi tuna kalibreta, kifaa cha kupimia maiki, inayotoa mlio wa hezi 1000 kwa desibeli 94, yaani shinikizo la paskali 1. Lakini lazima mdomo wake uizibe maiki barabara, jambo lisilowezekana kwa maiki nyingi zilizojengewa ndani ya kinasa. Kwa hizo nasi tunalinganisha kama wewe, ila kwa kinasa chetu cha kulinganishia ambacho hakitoki dukani.

Ukija, tuletee zile rekodi mbili na namba ya gaini. Zinatupunguzia kazi, nawe gharama.