Mwanangu, anza na nakala mia

Mwanangu,

Marahaba. Dada yako kaniambia umeshaomba bei ya kuchapa Dar es Salaam nakala 1,000 za kitabu cha mashairi unachotaka kukitoa mwenyewe, na akiba yako yote ya kazini ndiyo italipa. Ya kuacha kazi siyasemi leo. Naogopa hizo 1,000.

Najua kilichokuvuta. Gharama kubwa ya ofseti, ile mashine kubwa ya kiwandani, iko kwenye pleti, yaani mabati ya kuchapia, na kuiweka mashine sawa. Uchape 200 au 1,000, hiyo haibadiliki, ndiyo maana bei ya nakala moja inashuka ukiongeza idadi. Inashuka kwenye ankara. Chumbani kwako Kihesa yatabaki maboksi, mvua zikianza karatasi inanyonya unyevu na kingo zinajipinda. Boksi lisiguse sakafu ya saruji, weka mbao chini.

Chapa 100 hapohapo Iringa. Mashairi ya kurasa 64 za A5 yanakula karatasi 16 za A4 pande mbili. Kwa nakala 100 ni karatasi 1,600, yaani rimu tatu za karatasi 500 na kidogo. Nunua nne, nyingine zitaharibika. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne. Rimu nyingi za madukani nyuzi zake zimelala kwa urefu, nawe unakunja kwa kuzikatiza, hivyo kitabu kitakataa kulala. Kunja karatasi nne nne, mkunjo uukandamize kwa ubao, usikunje zote 16 kwa mpigo. Kava la gramu 250 lipigwe mstari wa mfereji kwanza ndipo likunjwe, na mgongoni usijaze rangi nzito: wino wa unga wa mashine ya leza hupasuka hapo na kuacha mstari mweupe. Piga pini mbili, kisha ndiyo ukate ukingo wa mbele, kwa sababu karatasi za katikati hutokeza nje. Maandishi yakae milimita 12 kutoka ukingoni, la sivyo kisu kitakula beti.

Kubandika mgongo kwa gundi badala ya pini kuache mpaka upate muswada wa kurasa zaidi ya 80. Na usigundishie kwenye chumba cha baridi ya Juni au Julai. Gundi ya moto itaganda kabla haijaingia kwenye karatasi, kurasa zimdondokee msomaji.

ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kila toleo lina namba yake. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Mkataba wa mshairi nimeusoma: mrabaha, yaani fungu lake la mauzo, umeutaja kwa asilimia na tarehe ya kulipa umeiweka. Hapo umenifurahisha, wakubwa wengi hawafanyi.

Ila mali kauli, kuwaachia wenye maduka vitabu wakulipe wakishauza, itakumaliza. Kitabu cha shilingi 6,000, duka likikata asilimia 30, chako ni 4,200, nayo utaidai kwa miezi. Kila duka lipe vitano tu, mwenyewe asaini kwenye kaunta buku, vikilipwa ndiyo uongeze. Sasa kwa vitano vitano, 1,000 zinataka maduka 200. Yako wapi hapo Iringa?

Halafu unajifungia mno. Umeanza kazi hii kwa kupenda watu wa mashairi, sasa hata hawakuoni. Kaombe nafasi pale Boma, kwenye makumbusho ya Iringa, mshairi asome jioni moja, meza ya vitabu iwe karibu na mlango na chenji uwe nayo. Vinavyouzwa hapo ni pesa mkononi, hakuna cha kudaiana. Neema Crafts, ile karakana ya kazi za mikono hapo Iringa, wanatengeneza karatasi kwa mkono, hata za kinyesi cha tembo. Waulize kava za nakala 20 zenye namba, uziuze bei ya juu kwa wageni. Huo ndio utamu wa kuwa mdogo, na wa nakala 1,000 hawezi kuufanya.

Kama pesa ya awali hujailipa, usiilipe. Kama umeilipa, waambie wapunguze idadi kabla pleti hazijatengenezwa. Baada ya hapo hutarudishiwa.

Bati la jikoni linavuja tena na baba yako anasema fundi wa mwaka jana asirudi. Funguo ya stoo uliondoka nayo, itume. Nimekuwekea debe la viazi na parachichi kwenye kiroba, kesho vitapanda basi la asubuhi, kapokee Ipogolo. Parachichi bado ngumu, usiziweke juani. Kondakta nimeshamlipa, asikudai tena.

Mama