Mafundi, acheni kupaka silikoni juu ya silikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na mafundi bodi wenzangu wa Mtwara na Lindi, pamoja na wenye Hiace, Noah, Coaster na yale magari ya kulala ndani yanayoshuka Msimbati. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na Desemba ikishaingia gereji zinajaa magari yanayovuja, yenye kapeti zinazonuka uvundo. Dawa wanayopewa ni ile ile: tyubu ya silikoni, kidole, basi. Baada ya wiki tatu gari limerudi.

Tuanze na hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la Hiace ndefu lina mita za mraba kama 7. Ikinyesha mvua ya milimita 50, paa hilo limepokea lita 350, yaani madumu 17 na nusu ya lita 20. Tundu moja la skrubu likipitisha nusu lita tu kati ya hizo, sponji ya chini ya kapeti imelowa, na sponji hiyo haikauki kwa kufungua milango mchana mmoja.

Kosa kubwa ni kuziba pale tone linapoonekana. Maji yakishapenya bati hayadondoki hapo hapo. Yanafuata mbavu za paa, yanafuata waya za taa, yanazunguka ukingo wa silingi mpaka yapate mahali palipoinama. Tundu liko kwenye mguu wa keria mbele, anayelowa ni abiria wa kiti cha nyuma. Kwa hiyo mwenye gari akikuambia "linavuja kushoto", muulize lilikuwa limeegeshwa wapi na limeinamia upande gani. Muulize pia kama linavuja likiwa limesimama au likitembea tu. Likivuja kwenye mwendo tu, anza na kioo cha mbele na raba za milango, maana hapo upepo ndio unaosukuma maji. Na likidondosha siku ya jua kali huku AC imewashwa, usihangaike na paa: mpira wa kutolea maji ya AC umeziba.

Kutafuta ni kazi ya watu wawili. Toa kapeti, shusha silingi, kausha kila kitu, halafu paka poda ya mtoto au unga wa chaki kwenye maungio ya ndani. Mmoja akae ndani na tochi. Wa nje ashike mpira wa maji usio na kichwa, maji yatiririke tu, aanzie chini apande polepole, kila sehemu dakika 3 hadi 5. Ukianzia juu, maji yanateremka yanapita kila ungio, na hutajua ni lipi lililoyaingiza. Mashine ya presha ya kuoshea magari iache kabisa. Inapenyeza maji hata kwenye raba nzima, ukaishia kuziba kisichovuja. Poda ikichora mstari, fuata mstari kwenda juu, usifuate tone.

Maji yakishindwa kuonyesha, tumia hewa. Funga vioo na milango, weka feni kwenye hewa ya nje kwa kasi ya mwisho, ziba kwa selotepu ya karatasi yale matundu ya kupumulia yaliyo nyuma ya bodi, kisha pitisha brashi ya maji ya sabuni kwenye maungio ya nje. Penye tundu povu linachemka lenyewe.

Sasa, kabla hujapanda juu ya paa, vua kava la mlango. Ndani yake utakuta nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi laini, na watu wengi hawajui kazi yake. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku inaponyesha. Yanateremka na kioo na kutokea kwenye matundu ya chini ya mlango, ndivyo mlango ulivyoundwa. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wa abiria. Fundi aliyebadilisha mashine ya kioo akiichana, au akiirudisha bila gundi, maji yanapitia kwenye klipu za kava moja kwa moja mpaka kwenye kapeti, na paa linasingiziwa. Nailoni mpya nene ya kawaida, iliyokatwa kwa kufuata ile ya zamani na kubandikwa kwa mkanda wa butili, ule utepe laini wa raba unaonata, mzunguko mzima, inamaliza kesi hiyo. Sehemu yake ya chini iingizwe ndani ya mlango, isibaki imening'inia nje. Matundu ya chini nayo yazibuliwe. Vumbi la barabara za Newala na Tandahimba likichanganyika na maji humo ndani linakuwa udongo wa kufinyangia, na mlango unaoza kuanzia chini.

Sehemu ya pili inayosahauliwa ni shimo lililo chini ya waipa. Sisi tunaegesha chini ya miembe na mikorosho, na maua makavu na majani yote yanaishia pale. Njia za maji zikiziba, maji yanajaa na kumwagikia kwenye feni ya hewa, yakatokea miguuni kwa abiria wa mbele. Toa kava la waipa, zoa uchafu kwa mkono, usiusukumize ndani. Gari lenye kioo cha paa kinachofunguka mara nyingi lina vimpira vinne vya kutolea maji pembeni. Vizibue kwa mshipi mnene wa kuvulia uliochomwa ncha kidogo ikawa butu. Waya unatoboa, na upepo wa kompresa kwa nguvu zote unachomoa mpira ndani ya nguzo, hapo umejitafutia kazi ya siku mbili.

Kwenye paa lenyewe, angalia taa ya breki ya juu, antena, taa ndogo za pembeni za Coaster, na juu ya yote keria. Msimu wa korosho magunia yanapandishwa mpaka bati linabonyea. Kila shimo la barabarani bolti zinacheza na kukata washa za raba, na mvua inakuja kukuta matundu yako tayari.

Kuziba ndiko tunakoharibu. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu. Kwangua yote mpaka ufikie bati au rangi, futa kwa spiriti, acha pakauke. Zile silikoni za bei nafuu zenye harufu ya siki zinatoa asidi zinapoganda, na asidi hiyo inakula bati chini kwa chini. Kwenye maungio ya bodi tumia gundi ya poliyurethani, ile nyeusi ya kubandikia vioo, na ipakwe rangi juu kwa sababu jua linaipasua. Kwenye vitu vinavyofungwa kwa skrubu, kama keria, taa na madirisha ya magari ya kulala ndani, weka mkanda wa butili chini ya kitu chenyewe. Kaza taratibu mpaka butili itokeze pembeni pande zote, kisha kata iliyozidi. Kupaka nje huku kitu kimeshafungwa ni kupamba tu.

Penye kutu, puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi, si dawa. Puti inanyonya maji, na chumvi ya bahari yetu haisubiri mwaka. Sugua kwa brashi ya chuma na msasa namba 80. Bati likibaki zima, piga praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga bati. Likitoboka, kata uchomelee kiraka. Kutu ikiwa imeingia chini ya raba ya kioo cha mbele, kioo kitoke, hakuna njia ya mkato. Gari lenye kuta za mbao, bonyeza kwa kidole gumba kona zote na chini ya madirisha. Panapobonyea pameoza, na skrubu hazitashika hapo hata uongeze unene. Mbao ibadilishwe kwanza.

Kwa wenye magari: msilipe siku hiyo hiyo. Poliyurethani huganda kuanzia nje kuingia ndani, takriban milimita 3 kwa saa 24. Rudi kesho yake, ingia ndani na tochi kabla silingi haijarudishwa, umwambie fundi amwage maji dakika kumi juu ya sehemu aliyoziba.

Fundi bodi,
Mtwara