Kwa mdogo wangu, anayewapikia watoto chakula cha usiku

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wanao. Tangu mama watoto aingie zamu za usiku, najua saa unayoshuka daladala Rangi Tatu, hapo Mbagala, ndiyo saa ngumu kuliko zote. Giza limeshaingia, watoto watatu wana njaa, na kibanda cha chipsi kiko hatua chache tu kutoka kituoni. Uliniuliza upike nini ambacho hakitakumalizia mfuko wala hakitawafanya watoto wale saa nne wakiwa wanasinzia. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wako akina baba na akina mama wengi wanaojiuliza hilohilo kila jioni, na wengi wao hawana dada wa kumpigia simu.

Tuanze na hesabu. Chipsi mayai huku kwetu sahani moja ni 3,000 hadi 3,500. Nyinyi ni wanne, kwa hiyo usiku mmoja unaondoka na 12,000 au zaidi, bado soda. Pesa hiyohiyo inanunua kilo moja ya maharage, kilo mbili za unga, mafungu mawili ya mchicha, nyanya, vitunguu na mafuta kidogo, mkala usiku huo, na maharage yakabaki ya usiku mwingine. Sisemi chipsi ni dhambi. Wanunulie watoto Ijumaa moja moja wafurahi. Ila zikigeuka kuwa chakula cha kila siku, ada ya shule itakukuta mfuko umetoboka.

Sasa jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Chakula cha usiku wa siku ya kazi usikianze usiku. Kazi ndefu ya moto imalize siku ya mapumziko, jioni ibaki kuunga tu. Ukilikubali hilo, yanayobaki ni mepesi.

Chukua maharage. Nunua kilo mbili kwa mpigo badala ya kununua robo robo dukani kwa Mangi, maana robo nne za rejareja mara nyingi zinazidi bei ya kilo. Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu yanakuwa magumu, unachemsha na kuchemsha na bado hayalainiki, gesi inaisha bure. Jumamosi usiku chambua, osha, loweka kwenye maji mengi yalale humo. Asubuhi yamwage maji hayo, weka mengine. Kuloweka kunapunguza muda wa kuiva na kunapunguza gesi tumboni, jambo ambalo wanao watakushukuru.

Yakianza kuchemka, yaache yachemke kwa nguvu, usiyabembeleze kwa moto mdogo tangu mwanzo. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na inayoiondoa ni mchemko mkali. Usiweke nyanya wala ndimu kabla hayajalainika, kwa sababu ukali wake unayafanya yagome kuiva. Magadi wengi wanaweka ili yaive haraka, na kweli yanalainika, lakini magadi yanaharibu sehemu ya vitamini B iliyomo na ladha inabadilika. Ukiwa umeloweka, magadi ya nini?

Kinachomaliza mtungi wako wa kilo 6 kabla ya mwezi kwisha ni hayo maharage yanayochemka saa nzima na nusu au mbili, mara tatu kwa wiki. Chai haina kosa hapo. Ukiyachemsha mara moja tu kwa wiki, umeokoa gesi nyingi bila kununua kitu kipya. Ukipata nafasi ya kuweka akiba, nunua sufuria ya presha. Maharage yaliyolowekwa yanaiva humo kwa nusu saa hivi. Zipo na za umeme, na chungu kizima cha maharage hakifikishi uniti moja ya Luku. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nakumbuka macho ya mama yetu yalivyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Lakini nishati safi itadumu kwenye nyumba ya mpangaji pale tu anapojua kuitumia kwa uchache.

Kama presha bado, kuna njia nyingine. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa nguvu dakika 20 hivi, yakiwa bado yanatokota funika vizuri, weka sufuria ndani ya kapu au boksi, ulizungushie blanketi zito kila upande mpaka juu. Yaache humo masaa matatu au manne ukiwa unafua nguo. Ukifungua utayakuta bado ya moto na yamelainika. Yarudishe jikoni yachemke tena kidogo mpaka yaive kabisa. Moto umeutumia mwanzo na mwisho tu.

Kilo moja ya maharage makavu ikiiva inazidi kilo mbili. Yapoe, kisha yagawe pamoja na supu yake kwenye vikopo vyenye mifuniko, kila kikopo kiwe cha mlo mmoja wa nyumba yako. Vinavyotosha siku mbili weka kwenye friji, vingine kwenye friza. Usiyaache mezani mpaka kesho yake, joto la Mbagala halina huruma.

Jioni sasa. Asubuhi kabla ya kutoka umeshahamisha kikopo kimoja kutoka friza kwenda friji. Ukifika, bandika maji ya ugali jiko moja. Jiko la pili weka mafuta vijiko viwili, kitunguu kikubwa kilichokatwa vyembamba, ukikoroge mpaka kiwe rangi ya dhahabu. Hapa usiharakishe, kitunguu ndicho kinachobeba ladha yote ya mchuzi. Tia saumu iliyotwangwa, kisha nyanya tatu zilizokunwa. Subiri mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni mwa nyanya, hapo ndipo zimeiva. Mimina maharage na supu yake. Chukua mwiko, yaponde machache ubavuni mwa sufuria, mchuzi utakuwa mzito wenyewe bila unga wa pakiti wala kikolezo. Chumvi mwishoni. Ukiwa na nazi, tia tui jepesi kwanza, lichemke, halafu tui zito ukikoroga taratibu lisikatike, na utoe mapema. Nazi ikipanda bei, twanga karanga kiganja kimoja, zikoroge na maji ya vuguvugu, utie badala yake. Dakika 20 na ugali umeiva.

Unga nunua wa dona. Una lishe zaidi kwa sababu kiini cha hindi kimebaki humo, ila kiini hicho kina mafuta na ndiyo maana dona haikai sana. Nunua wa wiki mbili, usijaze kiroba. Na watoto wakilalamika kwamba hauna weupe, anza kwa kuchanganya nusu dona nusu sembe, wiki hadi wiki wanazoea.

Watu wanasema maharage na ugali ni chakula cha shida. Sikubaliani nao hata kidogo. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage yanauziba, na ya maharage ina upungufu unaozibwa na mahindi. Waliobuni makande huko Upareni na Uchagani hawakuwa na maabara, lakini watoto wao walikua. Kwa hiyo usione aibu kuweka sahani hiyo mezani mara tatu kwa wiki. Sahani iliyokamilika ndiyo hiyo, ikiwa na mboga ya majani pembeni.

Siku nyingine ni za dagaa. Wa Mwanza ni wa bei nafuu, wa Kigoma ni watamu zaidi na bei yao inajua hivyo. Tazama wasiwe na mchanga. Walioanikwa kwenye chanja ni safi kuliko walioanikwa chini. Nunua wengi, siku ya mapumziko wakate vichwa, wapitishe kwenye kikaango kikavu kidogo, wapoe, uwatie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Jioni waoshe haraka kwa maji ya moto, wakaange mpaka wakakamae, tia kitunguu, nyanya, pilipili hoho, umalizie na ndimu. Dagaa analiwa na mifupa yake yote, na humo ndimo ilimo kalsiamu wanayoihitaji wanao kwa mifupa na meno. Yule mdogo anayemkataa akiwa mzima, mtwange awe unga, mchanganyie kwenye mchuzi wa maharage.

Siku umechelewa kupita kiasi na hakuna kilichohamishwa kutoka friza, usikimbilie kibandani. Choroko hazihitaji kulowekwa na zinaiva ndani ya dakika 40 hivi. Mayai ni upesi zaidi: chemsha manne, menya, tumbukiza kwenye rosti ya nyanya na vitunguu, mle na wali au hata na mkate. Nunua trei nzima ya 30 ukiweza. Viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya maziwa navyo ni chakula cha usiku, asikudanganye mtu.

Mchicha na matembele nunua jioni hiyohiyo gengeni, karibu na kufunga muuzaji anakuongezea fungu. Osha kabla ya kukata, si baada ya kukata, kwani yakishakatwa virutubisho vinaondoka na maji. Jikoni dakika tano zinatosha. Majani yakibadilika kuwa ya kahawia umeshayaua. Kamua ndimu juu yake unapopakua, inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na kwenye maharage.

Nyama nayo? Robo kilo inatosha nyumba nzima ukiikata vipande vidogo ukaipika na ndizi za kupika au viazi, isitawale sufuria. Mifupa ya supu ni rahisi zaidi na watoto wanaipenda. Mara moja kwa wiki, basi.

Nikuombe na jambo moja la moyoni. Usijifiche unapopika. Najua maneno ya jirani yako, kwamba mwanaume kushika mwiko ni mkosi. Pilau ya harusi zetu hapa Pwani, yale masufuria yanayobebwa na watu wawili, wapishi wake ni akina nani? Ni wanaume, na hakuna anayewacheka, tunawasubiri na sahani. Hata hizo chipsi unazonunua zinakaangwa na kijana wa kiume. Mkubwa wako ana miaka kumi sasa, mpe kuchambua maharage Jumamosi. Wa pili, yule wa kike, anaweza kumenya saumu. Mdogo mwachie kazi ya kuhesabu sahani. Watoto waliosaidia kupika hawasusi chakula, hilo nimeliona nyumbani kwangu na kwa kila niliyemshauri. Na jioni inakuwa fupi.

Wali ukibaki, uwe mwangalifu. Wali uliokaa mezani usiku kucha unaota vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki hata ukiupasha ukatoa moshi. Ukipoa tu uingie kwenye friji, na asubuhi upashwe moto mara moja mpaka ndani. Ugali uliobaki ukate vipande, ukaange kidogo, unakwenda vizuri na chai ya asubuhi.

La mwisho ni sahani ya mama yao. Anarudi asubuhi amechoka, amekesha na wagonjwa, na mara nyingi anakuta chai tu. Pakua ya kwake kabla hamjaanza kula, si baada, ili asipate makombo. Ifunike, weka kwenye friji, iandikie karatasi watoto waichore wanavyotaka. Na siku anayoingia zamu mapema, kikopo kimoja cha maharage yaliyoungwa kinaingia vizuri kwenye mkoba wake, akapashe kazini badala ya kununua usiku wa manane.

Jumapili hii nakuja na sado ya maharage ya njano niliyoagiza Mbeya na vikopo sita vyenye mifuniko. Wewe loweka hayo uliyonayo Jumamosi usiku, na muulize mama mwenye nyumba kama friza yake ina nafasi, maana ya kwako ni ndogo. Ukikwama katikati ya wiki nipigie kabla ya saa moja na nusu, nakuwa bado jikoni.

Wako,
Dada