Barua kwa wadogo zangu mnaokaribia kustaafu: pangeni bima ya afya kabla ya kugawa kiinua mgongo

Wadogo zangu,

Salamu kwenu nyote. Nawaandikia ninyi mliobakiza miaka michache kazini, na ninyi mliokwisha kuagwa lakini mafao hayajaingia. Najua mnayozungumza siku hizi: kumalizia nyumba, kununua gari la biashara, kumlipia kitindamimba ada ya chuo. Yote ni ya maana. Ombi langu ni moja tu: kabla hamjagawa hata senti ya kiinua mgongo, amueni kwanza nani atalipa siku mtakapolazwa. Nyumba inaweza kusimama kwenye linta mwaka mzima na isidhurike. Mgonjwa haahirishwi, na hakuna anayejua mapema bili itakuwa ya ukubwa gani.

Wengi wetu tumetumia bima ya kazini muda mrefu hata tukasahau kuwa kuna anayeilipia. Ukistaafu, kadi ile ina siku yake ya mwisho. Kwingine ni siku unayokabidhi ofisi, kwingine ni mwisho wa mwezi, na kwingine unaruhusiwa kuendelea ila ulipe mchango wote mwenyewe, pamoja na ile sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri. Nendeni ofisi ya utumishi mkaulize tarehe hiyo, mjibiwe kwa maandishi. Ulizeni pia kama mnaweza kuhamia bima ya mtu binafsi bila kupimwa upya, na mna siku ngapi za kuomba. Kuchelewa kuna gharama. Huko Marekani, anayechelewa kujiunga na ile sehemu ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inayolipia madaktari, bila kuwa na bima ya kazini, huongezewa asilimia 10 ya mchango kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na kwa kawaida nyongeza hiyo humfuata maisha yake yote. Kwenu sheria inaweza kuwa nyingine kabisa, lakini anayegonga mlango wa bima akiwa tayari mgonjwa hapokewi sawa na aliyekuja mzima.

Sasa mkataba wenyewe, na hapa nawasihi msiharakishe. Wakala atawaonyesha kikomo cha mwaka, yaani kiasi cha juu ambacho bima italipa kwa mwaka, kilichoandikwa kwa herufi nene. Msiishie hapo. Fungueni jedwali la mafao, mtaona kikomo hicho kimekatwa vipande: kulazwa kiasi hiki, matibabu ya nje (ya bila kulazwa) kiasi hiki, magonjwa sugu kiasi hiki, meno na macho kidogo. Kijana wa miaka 30 anaweza kuruka mstari wa magonjwa sugu. Kwa umri wetu, mstari huo ndio mkataba. Chukueni karatasi, andikeni dawa mnazomeza kila mwezi, za presha, za sukari, za tezi dume, gharama yake mzidishe kwa 12, mwongeze vipimo na ada ya kumwona daktari, kisha mlinganishe na kikomo cha matibabu ya nje. Anayemaliza kikomo hicho mwezi wa saba hana bima ya dawa kuanzia wa nane, ingawa kadi bado iko mfukoni.

Angalieni na muda wa kusubiri. Mikataba mingi hailipii ugonjwa uliokuwepo tangu mwanzo mpaka upite muda fulani, na upasuaji wa mtoto wa jicho au wa kubadilisha nyonga mara nyingi uko kwenye orodha hiyo. Tafuteni kama kusafisha damu kwa mashine na matibabu ya saratani yamo, na yamo hadi kiasi gani. Mkiambiwa mtachangia asilimia 20 ya kila bili, ulizeni kama mchango huo una ukomo kwa mwaka, kwa sababu bila ukomo, bili ikipanda mara kumi, nao unapanda mara kumi. Kisha ulizeni umri wa mwisho wa kuhuisha bima, ambao ni tofauti na umri wa mwisho wa kujiunga. Bima nafuu inayokutoa ukifikisha miaka 70 inakuacha pale hasa ulipoanza kuihitaji.

Na mkijaza fomu, semeni kweli. Nimesikia watu wakishauriana waifiche presha ili mchango uwe mdogo. Bima husimama juu ya uaminifu wa aliyejaza fomu. Ukificha, kampuni inaweza kukataa dai lako ukiwa kitandani, na michango yote uliyolipa isikufae kitu.

Kuhusu fedha zenyewe, nitasema machache. Mchango wa bima utoke kwenye pensheni ya kila mwezi, tena ukatwe kabla ya matumizi mengine, kwa kuwa ukikosa kulipa na bima ikakatika, unaweza kuanza kusubiri upya. Kwenye mkupuo wa kiinua mgongo, tengeni akiba ya mchango wa mwaka mzima pamoja na kiasi cha kuchangia ulazwaji mmoja mkubwa. Ikae kwenye akaunti mnayoweza kuifikia siku hiyo hiyo. Kiwanja ni mali nzuri, lakini hakiuziki usiku mmoja kulipa amana ya hospitali. Na akiba hiyo isikopeshwe mtu, hata awe mwanao wa kumzaa.

Kumbukeni mfumuko wa bei. Gaweni 72 kwa kiwango chake, mtapata takriban miaka ambayo bei huchukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 6 ni miaka 12, maana yake anayestaafu na miaka 60, akifika 72 atahitaji maradufu ya anachotumia leo. Kwa hiyo ulizeni kama pensheni yenu huongezwa bei zikipanda. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alikadiria kuwa anayetoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kiasi hicho kufuata bei, angeweza kuishi nayo miaka 30. Alitumia takwimu za hisa na hati fungani za kwao, hivyo msiichukue kama sheria. Mimi naichukua kama onyo kwa anayetaka kutoa robo ya akiba mwaka wa kwanza.

La mwisho ni la wenza wenu, na ndilo linalonikosesha raha zaidi. Mara nyingi mke au mume yumo kwenye bima kama mtegemezi tu. Ulizeni: mwanachama akifariki, mwenza anabaki na bima au anatoka naye? Pensheni inaendelea kwake, na kwa asilimia ngapi? Mkipewa nafasi ya kuchagua pensheni ndogo kidogo itakayoendelea kwa mwenza, na yeye hana kipato chake, ushauri wangu ni mwichukue. Kaeni naye, msome mkataba pamoja ukurasa kwa ukurasa, ajue kadi iko wapi na namba ya kupiga ni ipi. Mkikwama kwenye kipengele, ombeni ufafanuzi kwa maandishi, na msitie sahihi siku hiyo.

Ni mimi kaka yenu,
Mstaafu