Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: tusiambiwe "huna kitu"

Ndugu Mganga Mkuu, salaam.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Ngamiani. Miaka minne nilizunguka na bahasha ya vipimo. Vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio, mgongo unawaka usiku kucha. Malaria hakuna, sukari sawa, picha ya kifua safi, altrasaundi safi. Kituo kimoja daktari alifunga faili akaniambia, "Mama, huna kitu." Nilitoka nikalia kwenye benchi, na mgongo ukiwaka vilevile. Baada ya hapo nilinunua kila dawa niliyoelekezwa, nikanywa makombe, nikapungwa. Cherehani nikaiuza.

Aliyenifungua macho ni muuguzi. Alinihemesha harakaharaka kwa dakika moja hivi, vidole vikaanza kufa ganzi. "Ukiogopa unahema hivi bila kujijua," akasema, "ganzi ikija unaogopa zaidi, unazidi kuhema." Hakuniambia nasingizia, wala hakunicheka. Ila tulizungumza koridoni, dakika kumi tu, foleni ikimsubiri.

Ombi langu ni kwamba mazungumzo yale yapewe chumba na muda, tukae wagonjwa kwa kikundi. Kule Aarhus, Denmark, walijaribu jambo hili kwa wagonjwa 120 wenye dalili kama zangu ambazo vipimo havizielezi, matokeo yakachapishwa 2012: vikundi vya watu wasiozidi 9, vikao 9, kila kimoja saa tatu na nusu. Baada ya miezi 16, waliohudhuria walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliobaki na huduma za kawaida zilizoboreshwa.

Kule wana wataalamu wengi, najua. Lakini Harare, Zimbabwe, tangu 2006, bibi wa mtaani waliopewa mafunzo hukaa benchini kwenye zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Na sisi wanawake wa Tanga kukaa kikundi tunakujua. Kikoba hatukosi hata mvua ikinyesha. Tena kikundini mtu hugundua hayuko peke yake. Mimi siku ya nafuu nilikuwa nafua nguo za wiki nzima, kisha nalala siku tatu siwezi hata kuinama. Nilidhani ni mimi peke yangu, hadi jirani aliponisimulia yaleyale.

Sisemi watu waache kupimwa. Wapimwe kwanza, na ikitokea homa isiyokatika, damu, au mwili kukonda, wapimwe tena. Vikao navyo viwe kwenye chumba cha kliniki ya kawaida. Hapa kwetu ukitaja afya ya akili mtu anawaza Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyopo tangu enzi za Wajerumani, na hatarudi tena.

Tuanze na Bombo, hospitali yetu ya mkoa: chumba kimoja, alasiri moja kwa wiki, muuguzi mmoja aliyefundishwa kazi hii. Siku hizi nashona tena, kwa cherehani ya kukodi, na alasiri hiyo nitafunga kazi mapema nije kupanga viti.

Wako,
Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga