Hataza ilinde mbinu, si wazo la kulinganisha picha

Mhariri,

Makala yenu kuhusu rufaa za hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake) za kutafuta na kulinganisha picha ilisema mahakama za Marekani zinawapora wavumbuzi jasho lao. Nimeandika programu za kulinganisha picha kwa miaka kumi na mmoja, na mimi niliporwa na hataza yenyewe.

Programu yangu ya kwanza iliifinya picha hadi ikabaki miraba 8 kwa 8, ikaondoa rangi na kubakiza kijivu, kisha ikapiga wastani wa mwanga. Mraba unaozidi wastani hupewa 1, mwingine 0. Picha nzima, ya harusi au ya jengo, inakuwa mstari wa tarakimu 64. Ukitaka kujua kama picha mbili ni moja, unahesabu nafasi zinazotofautiana. Hadi hapo mbinu ilikuwa inajulikana, si yangu. Jasho langu lilikuwa kwenye picha zilizogeuzwa, kushoto ikawa kulia: programu ilizipita kana kwamba haijawahi kuziona. Nilikesha nazo miezi saba.

Ndipo kampuni moja ikatuandikia kwamba kulinganisha picha kwa kompyuta ni mali yake. Nilisoma hataza yao mara tatu nikitafuta wanafanyaje. Kulikuwa na "kupokea picha", "kulinganisha" na "kutoa matokeo", basi. Mwajiri wangu aliogopa gharama za kesi, akaizima huduma.

Ndiyo maana naitetea Mahakama ya Juu ya Marekani kwa uamuzi wake wa Juni 2014, kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank: wazo dhahania halipati hataza kwa sababu tu limetiwa kwenye kompyuta. Kweli, majaji hawakuchora mipaka kamili ya wazo dhahania, na wanaolalamikia hilo wana haki. Lakini tazameni Mei 2016 katika mahakama ya rufaa inayosikiliza kesi za hataza. Tarehe 12 iliinusuru hataza ya Enfish dhidi ya Microsoft, kwa kuwa ilieleza namna mahususi ya kuunda jedwali la hifadhidata. Siku tano baadaye iliikataa hataza ya kampuni ya TLI, iliyohusu simu kupiga picha na kuituma kwenye seva ili ipangwe na kuhifadhiwa. Maelezo ya hataza hiyo yenyewe yalikiri kwamba simu ilikuwa na sifa za kawaida tu. Hukumu zote mbili ziliandikwa na jaji yuleyule, Todd Hughes. Huyo hawachukii wavumbuzi. Anawauliza swali nililoiuliza barua ile: mnafanyaje?

Hataza hudumu miaka 20 tangu maombi yawasilishwe. Katika fani yangu huo ni umri wa vizazi kadhaa vya programu.

Naomba mtakaporipoti rufaa nyingine, mchapishe na dai la hataza lenyewe, yaani maneno yanayotaja kinacholindwa, neno kwa neno, kando ya habari. Makala yenu haikuwa na hata sentensi moja ya dai hilo.

Wenu,
Mwandishi wa programu