Kabla hujanunua Bonneville ya zamani

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Unataka kuiuza pikipiki yako mpya, Triumph Bonneville T120, ununue ya miaka ya 1960, kwa kuwa jina ni lile lile na hata sura zinafanana. Nimeziendesha zote mbili, basi nikueleze.

Ya zamani ina cc 650, kabureta mbili (vifaa vya kuchanganya petroli na hewa) na gia nne; yako ina cc 1200, gia sita, na injini inapozwa kwa maji. Ukishaipanda, namba hizo utazisahau. Kitakachokushtua ni miguu: gia iko kulia, breki ya nyuma iko kushoto. Siku za mwanzo, gari likikatiza ghafla mbele yako, mguu wa kulia utakanyaga gia ukidhani ni breki. Tafuta uwanja mtupu ujizoeze kwanza, nakusihi.

Breki ya mbele ni ya drumu. Wewe umezoea kuminya kwa vidole viwili huku ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ikikulinda kwenye lami iliyolowa. Kwenye ya zamani unaminya kwa kiganja kizima, na mwendo unapungua taratibu. Kwa hiyo unatazama mbali, unapunguza gia mapema, unamsoma dereva wa mbele kabla hajakata kona. Hapo ndipo ilipo raha yake, Salim. Huwezi kuiendesha huku mawazo yako yako kwingine.

Kuiwasha nako ni kazi. Unafungua mafuta, unabonyeza kitufe kidogo kwenye kila kabureta mpaka petroli ikuloweshe kidole, ndipo unapiga kiki. Pistoni zake mbili hupanda na kushuka pamoja, na mtetemo wake unausikia viganjani. Ukikimbia sana, vioo vya pembeni havionyeshi kitu. Karanki ya yako, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imepangwa kwa nyuzi 270 ili pistoni zisipande pamoja, na mtetemo umepunguzwa, ndiyo maana unashinda njiani bila ganzi.

Lakini kwenye kona! Ya zamani haifiki kilo 200, yako imepita 220. Unailaza kidogo tu, imeshaingia.

Ushauri wangu: usiuze. Ya zamani inataka kukazwa bolti, kurekebishwa pointi za cheche za injini na kusawazishwa kabureta mara kwa mara. Ya kwendea kazini kila siku si hiyo. Pesa ikiruhusu, iongeze iwe ya pili. Na ukienda kuikagua, mwombe mwenye nayo asiiwashe kabla hujafika. Ipige kiki mwenyewe ikiwa baridi, kisha uniandikie ilivyokuwa.

Wako,
Hamisi